Nilivyokuza Mboga Jinja Kati ya Mvua za Machi na Kuzumburu

Mwaka jana, mwezi wa Machi, nilipoteza kitalu kizima cha sukuma wiki katika muda wa siku kumi na mbili. Mwaka huu, katika uwanja uleule wenye urefu wa hatua kumi na upana wa hatua sita nyuma ya nyumba yetu hapa Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja nchini Uganda, nimekuwa nikichuma mboga tangu katikati ya Aprili bila kununua hata fungu moja sokoni. Mbegu ni zilezile, na mbolea ni ileile ya samadi ya kuku ninayoipata kwa jirani. Nilichobadilisha ni namna ya kuisubiri mvua na namna ya kukaa na ndege, hasa kuzumburu, ndege wanaokula majani ya mboga, na kwa kuwa mambo hayo mawili yalinigharimu misimu kadhaa kabla sijayaelewa, nimeona niyaandike kwa ajili ya yeyote mwenye uwanja mdogo kama wangu.

Huku kwetu hatuna majira ya kuchipua kama yale ya Ulaya, ambako watu hungoja baridi iondoke ndipo waguse udongo. Tuko karibu sana na ikweta, joto la Januari na la Julai halitofautiani mno, na mwaka tunauhesabu kwa mvua. Jua huvuka ikweta likielekea kaskazini karibu na tarehe 20 Machi, ukanda wa mvua hulifuata, na ndiyo sababu msimu wa kwanza huanza Machi hadi Mei na wa pili huja Septemba hadi mwishoni mwa mwaka. Lakini Jinja tuna Ziwa Viktoria, na ziwa lina mambo yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huvuma kuelekea ziwani na radi hurindima huko juu ya maji. Mchana upepo hugeuka na kusukuma unyevu huku kwetu, mawingu yakapanda juu ya mji. Kwa hiyo mvua kubwa inaweza kunyesha hata Februari, katikati ya kiangazi, na mtu mwenye haraka ya kupanda akadhani masika yamefika.

Mimi nilikuwa mtu huyo. Mwaka jana, mvua ilipiga usiku mmoja mwishoni mwa Februari, ya radi na upepo, na asubuhi uwanja wote ulikuwa unang'aa maji. Nilitoka na jembe kabla ya chai. Jirani yetu, bibi wa miaka mingi ambaye mtaa mzima tunamwita Jaja, alisimama kwenye uzio wa michongoma akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hii mvua imepiga hodi tu, haijaingia ndani." Nikamjibu kwa adabu, "Jaja, mbona udongo umelowa kabisa?" Akasema, "Umelowa juu. Chimba uone." Sikuchimba. Nilipandikiza miche sitini siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata jua liliwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni mpaka maji ya bomba yalipokatika, na miche iliyobaki hai ndiyo iliyoliwa na ndege, kwa sababu wakati ule hapakuwa na kitu kingine kibichi katika mtaa mzima.

Mwaka huu nilichimba. Kipimo changu ni rahisi: baada ya mvua, nangoja saa chache maji yazame, kisha nachimba kishimo kwa panga na kupima kwa mkono. Unyevu ukiishia kwenye vidole viwili, ile ni mvua ya kupita, hata kama ilivuma na kung'oa mabati. Unyevu ukifika shubiri nzima, na mvua ikarudi tena kabla ya siku saba kwisha, napanda. Sambamba na hilo nasikiliza redioni utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda, kwa kuwa wao hueleza kila eneo la nchi linatarajiwa kuanza kupata mvua lini, lakini utabiri wa eneo hauwezi kunieleza hali ya uwanja wangu, ambao upande mmoja umekingwa na mwembe na upande mwingine unapokea maji yote ya paa. Mvua ya kwanza mwaka huu ilinyesha tarehe 4 Machi, ikaingia vidole viwili. Ya pili ikaja tarehe 9, nayo ikafika nusu shubiri. Tarehe 16 na 19 ilinyesha mara mbili, manyunyu marefu ya alasiri yasiyo na upepo, na nilipochimba tarehe 20 udongo ulikuwa mweusi na baridi mpaka kifundo cha mkono wangu. Hapo ndipo nilipopanda mchicha, ambao hapa wengi wanaujua kwa jina la dodo, pamoja na nakati, mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu, na kuhamisha sukuma kutoka kitaluni.

Kungoja kulikuwa kugumu, lazima niseme, kwa sababu jirani wa upande wa pili alikuwa ameshapanda na bustani yake ilianza kuonekana. Kilichonisaidia kutulia ni kuwa miche yangu ilikuwa inakua mahali pengine. Nilichukua jerikani tatu za manjano za mafuta ya kupikia, nikazipasua kwa urefu zikawa mabeseni marefu sita, nikatoboa chini kwa msumari uliopashwa moto, nikajaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na kuziweka juu ya chanja cha mbao chini ya ukingo wa paa. Hapo jua la asubuhi lilifika na mvua ya mchana haikufika. Miche midogo ikiloweshwa kupita kiasi hushikwa na kinyausi, shina hunyong'onyea pale pale linapotokea ardhini na mche ukalala chini usiku mmoja, na kwenye chanja niliweza kupima maji mwenyewe. Nilipoona wiki ya jua kali inaendelea, niliisogeza miche kivulini. Mawingu yaliporudi, niliirudisha. Nilipoihamishia shambani ilikuwa na majani manne au matano na shina gumu kiasi cha kijiti cha kiberiti.

Sasa nieleze habari za ndege, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Katika uwanja wetu huja ndege wa namna nyingi, na kwa miaka mingi niliwachukulia wote kuwa ni wezi. Mwaka huu nilikaa kibarazani kila asubuhi na kikombe cha chai, nikawatazama kabla ya kuamua lolote. Kwarara, wanaotuamsha kwa makelele yao alfajiri, hutembea juu ya udongo uliolowa wakidunga midomo mirefu na kutoa mabuu na minyoo. Hawali majani hata kidogo, na tangu nilipoacha kuwafukuza nimeona sota, wale viwavi wanaokata mashina ya miche, wachache zaidi. Mnana walikuwa wakichana majani ya migomba kuwa nyuzi ndefu za kusukia viota kwenye mti ulio karibu na barabara. Dume husuka kiota kibichi, kisha hujining'iniza chini yake akipiga mabawa ili jike aje kukikagua, na kikikauka kabla hakijapata mwenyewe hukibomoa na kuanza upya. Migomba yangu ilionekana kama imepitiwa na kitana, lakini haikudhurika. Jioni za kumbikumbi, wanaporuka kwa maelfu baada ya mvua na watoto wakawakimbilia na masufuria chini ya taa, mnana na shore huwadaka hewani mpaka giza linapoingia. Mbayuwayu nao walikuwa wengi angani mwezi wa Machi, na kufikia mwishoni mwa Aprili sikuwaona tena, kwa kuwa wengi wao huelekea Ulaya kuzaliana wakati huo.

Wanaokula mboga ni kuzumburu. Ni ndege wa kijivu na kahawia, mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu kuliko mwili wake, na hupanda na kushuka matawini kama panya. Hutembea kwa makundi. Kundi la kwetu lina tisa. Chakula chao ni matunda, machipukizi na majani laini, na kabla ya jua kupanda vizuri hujining'iniza kwenye matawi ya mwembe wakiwa wameelekeza matumbo yao kwenye jua, wote kwa mstari mmoja, kwa kuwa joto huwasaidia kusaga majani waliyokula. Wakishapata joto, hushuka. Nilihesabu kwamba walikuwa wakishuka saa mbili kasoro hivi za asubuhi, na katika robo saa moja waliweza kubakisha vishina vitupu kwenye tuta zima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutandaza wavu wa samaki. Nilinunua kipande kilichotumika kwa mvuvi wa Masese, nikautupa juu ya matuta bila kuukaza, nikajiona nimemaliza. Asubuhi ya pili binti yangu aliita kutoka nje, "Mama, njoo, kuna ndege amenaswa!" Nilimkuta kuzumburu mmoja ananing'inia kichwa chini, uzi umemzunguka mguu mara tatu na kupita chini ya bawa. Kila alipojitahidi kuruka, uzi uliingia zaidi. Nilimfunika kwa kitenge ili giza limtulize, nikamshika kwa mkono mmoja, na binti yangu akakata uzi mmoja baada ya mwingine kwa mkasi mdogo wa kushonea. Manyoya yake yalikuwa laini kama nywele za mtoto mchanga. Mguu ulikuwa na rangi nyekundu iliyofifia, vidole vyote vinne vimeelekea mbele vikiushika uzi, na chini ya kidole gumba changu niliusikia moyo wake unavyokwenda mbio. Wenzake wanane walikuwa mwembeni wanaita muda wote huo. Tulipomfungua alikaa kwenye kiganja changu kwa nukta chache, kisha akaenda. Siku hiyohiyo niliuondoa wavu na kuukunja, na sitaki kuuona tena juu ya mboga zangu.

Badala yake nilichukua vyandarua viwili vilivyochakaa, visivyofaa tena kitandani. Nilipasua mianzi, nikaikunja kuwa pinde, nikaichomeka kila baada ya hatua moja, na kukaza chandarua juu yake kama ngozi ya ngoma, kingo zote zikazikwa udongoni na kugandamizwa kwa mawe. Matundu yake ni madogo kiasi kwamba hakuna mguu wa ndege unaopenya, na kwa kuwa kimekazwa hakuna mkunjo wa kumnasa. Kati ya majani na chandarua niliacha nafasi ya shubiri mbili, kwa sababu jani likigusa kitambaa kuzumburu hulidonoa kutoka juu. Vyandarua hivi vilitiwa dawa ya wadudu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki, kwa hiyo nilivifua kabla ya kuvitumia, nyumbani kwenye karai na si ziwani, na maji yake niliyamwaga mbali na mfereji. Maboga sikuyafunika, kwa kuwa maua yake ya kiume na ya kike ni mbalimbali na bila nyuki hayazai.

Pia nilikuwa na mpapai uliozaa vizuri, na nilikubaliana na watoto kwamba mapapai mawili ya juu kabisa yataachwa yaivie mtini. Kuzumburu waliyagundua siku ya kwanza. Sisemi kwamba waliacha mboga kwa sababu ya mapapai, maana chandarua kilikuwepo, lakini waliacha kuzunguka matuta wakitafuta mwanya.

Tarehe 7 Aprili ilikuja mvua ya mawe. Ilidumu dakika ishirini hivi, ikapasua majani ya migomba na kuyalaza maboga, lakini chini ya vyandarua mboga zilibaki wima, kwa kuwa mawe yaliruka kama kwenye turubai na matone makubwa yaligeuka kuwa ukungu. Hilo sikulipanga. Maji ya paa nilikuwa nimeyachimbia mfereji tangu Februari, na matuta niliyainua hadi magotini, jambo ambalo siwezi kulipuuza tena tangu mwaka 2020, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba tuliyokuwa tumepanga karibu na ufuo. Matandazo ya majani makavu ya migomba yalizuia udongo usirukie mboga, ila mwanzoni niliyasogeza mno kwenye mashina na konokono wakajificha humo. Nilipoyaacha umbali wa kiganja, walipungua. Nyanya ziliharibika zote kwa ugonjwa wa bakajani. Mvua za Aprili na nyanya zisizo na paa havipatani, na msimu ujao sitazipanda wazi.

Mchicha tulianza kuuchuma tarehe 18 Aprili na sukuma katika wiki ya kwanza ya Mei, tukichuma majani ya chini na kuacha kichwa. Jaja nilimpelekea fungu la kwanza la nakati. Aliliinua, akaangalia mizizi kabla ya majani, akauliza, "Ulichimba?" Nikamwambia, "Nilichimba, Jaja." Juzi ametuma wajukuu wake waje kuchukua miche kumi na miwili iliyosalia kwenye jerikani, nasi tumewapa na pinde tatu za mianzi. Chandarua kimoja kimefunguliwa, kimefuliwa na kukunjwa ndani ya gunia juu ya dari, mahali ambapo panya hawafiki, kikisubiri Septemba.