Alfajiri ya kuingia Stockholm kwa meli

Rubani, yule anayeiongoza meli kuingia bandarini, alipanda melini karibu na Sandhamn, ukingoni mwa visiwa vya Stockholm, mnamo saa 10 alfajiri, na jua lilikuwa limeshatoka. Mwezi wa Juni, katika latitudo ya 59, jua huchomoza kwenye saa 9 na nusu usiku, hivyo anayengoja saa 12 asubuhi ndipo apande sitaha ya juu hukuta nusu ya njia imeshapita. Mwaka ulikuwa 2019. Meli yetu ya anasa ilikuwa imeng'oa nanga Helsinki jana yake alasiri, na usiku ule saa zilirudishwa nyuma kwa saa moja, maana Finland iko mbele ya Sweden. Saa hiyo moja huwapoteza wengi. Simu hudaka mnara wa nchi hii, baadaye wa nchi ile, na kengele ikalia wakati si wake. La uhakika ni saa ya mkononi, au kuwaomba mapokezi wakupigie chumbani. Simu iwekwe katika hali ya ndege, si kwa ajili ya kengele tu: katikati ya bahari hujiunga na mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na bei yake utaijua bili ikifika.

Kupanda kwa rubani hakuna mbwembwe, ila panatazamika. Meli ilipunguza mwendo na kugeuka kidogo ili ubavu mmoja uwe demani, umekingika na upepo. Mlango ulio karibu na maji ukafunguliwa, ngazi ya kamba ikateremshwa. Kanuni za kimataifa haziruhusu rubani kupanda zaidi ya mita 9 kwa ngazi ya kamba. Ubavu ukiwa mrefu kuliko hapo, ngazi hiyo huunganishwa na ngazi ya kawaida ya pembeni. Boti yake haisimami, hukimbia sambamba na meli. Naye hudaka ngazi pale boti inapofika juu ya wimbi, kamwe si inapokuwa chini, kwa sababu akidaka ikiwa chini, wimbi linalofuata huiinua boti ikambana miguu kwenye ubavu wa meli.

Kutoka hapo hadi gatini ni safari ya saa 4 hivi katikati ya visiwa. Ukihesabu na miamba midogo vinafika takriban 30,000. Vya nje ni mawe matupu yaliyosuguliwa na barafu ya kale yakawa laini. Vya ndani vina misonobari, vijigati vya mbao na nyumba za rangi nyekundu, rangi iliyotokana na mgodi wa shaba wa Falun. Ardhi yenyewe bado inainuka tangu uzito wa barafu ulipoiondokea, milimita 4 hadi 5 kwa mwaka. Kwa karne moja hiyo ni karibu nusu mita, na penye kina kidogo nusu mita si haba.

Pa kusimama ni mbele kabisa, kwenye sitaha ya wazi iliyo juu ya chumba cha usukani. Joto lilikuwa nyuzi 10 au chini kidogo, na meli inayokwenda noti 12 hujitengenezea upepo wa kilomita 22 kwa saa hata bahari ikiwa shwari. Sweta zito peke yake halifai. Linalotakiwa ni koti jepesi lisilopitisha upepo, na kofia. Kahawa huanza kutolewa kabla ya mkahawa kufunguliwa, na wahudumu walikuwa wakipita na mablanketi.

Sehemu iliyowanyamazisha wasemaji ni Oxdjupet, mlango mwembamba wa bahari kati ya visiwa vya Rindö na Värmdö. Mwaka 1548 mfalme Gustav Vasa aliuziba kwa mawe ili kila chombo kilazimike kupita chini ya mizinga ya ngome ya Vaxholm. Ulizibuliwa karne ya 19. Ukiingia, mnara wa ngome ya Fredriksborg uko kushoto. Hapa rubani hupunguza mwendo kwa sababu mbili. Kwanza, meli ikienda kasi kwenye maji membamba yasiyo na kina hudidimia zaidi ya kawaida yake. Pili, huyavuta maji ya ukingoni kisha kuyaachilia kwa kishindo, na mawimbi hayo hula fukwe na kung'oa vijigati vya watu. Baada ya hapo Vaxholm ilionekana upande wa kulia, na visiwa vikaanza kuwa mitaa ya mji.

Kwangu mimi, thamani ya tiketi ya anasa iko hapo, wala si kwenye shampeni. Meli yetu ilikuwa chini ya mita 200, ikafunga kamba Stadsgården, mjini hasa, chini ya majabali ya Södermalm. Zile kubwa zaidi, za mita 300 na ushei, nyingi huishia Nynäshamn, karibu kilomita 60 kusini. Huko meli isipopata gati, abiria huchukua namba na kungoja zamu ya boti za kuwafikisha ufukweni, kisha treni ya saa moja; upepo ukizidi, boti hazishushwi na Stockholm inafutwa kwenye ratiba. Kabla ya kulipa, soma mstari wa ratiba kwa makini: ukiandikwa "Stockholm (Nynäshamn)", visiwa hivi hutavipita. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki atazame na viza. Zamani zile safari iliingia St Petersburg, na kufanya hivyo ni kutoka eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja ilikuwa imekwisha kazi hata kabla ya Helsinki. Tangu 2022 kampuni za meli zimeiacha Petersburg. Mahali pake kuna Visby, Riga, Klaipėda au Gdynia.

Aliyezoea Kilindini, ambako bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, hushangaa gati la Stockholm: hakuna kujaa wala kupwa kwa kusema. Mteremko wa ngazi ya asubuhi ndio wa jioni. Maji nayo yana chumvi kidogo mno, na hilo ndilo lililofanya ziara ya mchana iwezekane.

Kutoka gatini tulitembea hadi Slussen, tukachukua kivuko cha kwenda kisiwa cha Djurgården kwa tiketi ileile ya basi na treni, inayodumu dakika 75. Kulipa ni kwa kadi. Katika jumba la makumbusho la Vasa imo manowari ya jina hilo iliyozama Agosti 10, 1628, ikiwa imekwenda kama mita 1,300 tu tangu itweke tanga, ikainuliwa 1961. Farumi, uzito wa kuituliza meli, ilikuwa tani 120 hivi za mawe, kidogo mno kwa mizinga 64 na ghorofa zile zote. Kabla haijaondoka, mabaharia 30 walikimbizwa ubavu hadi ubavu kuijaribu. Jaribio likasitishwa baada ya mara tatu kwa hofu ya kupinduka palepale gatini. Ila mbao zake ni nzima, kwa kuwa kwenye maji haya hafifu mdudu anayetoboa vyombo haishi, yule ambaye mafundi wetu wa majahazi humzuia kwa deheni ya chokaa na mafuta. Sweta lisiachwe melini: ndani hushikiliwa nyuzi 18 hadi 20, na mwanga ni hafifu ili mbao zisidhurike.

Meli iliondoka saa 11 jioni, na mwisho wa kupanda ulikuwa nusu saa kabla. Inapitia njia ileile, ikifika Oxdjupet saa moja na kitu baadaye, mkahawa mkuu unapofunguliwa, kwa hiyo wengi huupita wakiwa na uma mkononi. Tulikwisha omba meza ya nje, sitaha ya tezi, nyuma ya meli. Jua lingezama baada ya saa 4 usiku, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuharakisha kula.