Tangi limejaa, kipimo kinasema robo

Kipimo changu cha tangi kilianza kunionyesha robo huku maji yakinitazama karibu na mdomo wa tangi. Kwa kawaida lawama ya kwanza hutupiwa kioo cha kusomea kiwango, kwa kuwa ndicho kinachosema. Mimi kioo hukiweka mwisho wa foleni. Kipo mahali pakavu na hakuna kinachosogea ndani yake. Unyevu, boya na viungo vya waya vyote viko kule kwenye tangi.

Changu ni cha boya. Mkono wa boya husogeza kisugio (kipande cha chuma kinachogusa) juu ya rezista, yaani kipande kinachozuia umeme, na kioo husoma ukinzani huo kwa omu. Kuna koo (familia) mbili kubwa za vipimo vya aina hii: ya Marekani ni omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa, ya Ulaya ni omu 10 likiwa tupu na 180 likijaa. Zinakwenda kinyume kabisa. Ukioanisha kioo cha ukoo mmoja na boya la mwingine utapata kipimo kinachopanda maji yakishuka, na hapo usafishe waya hadi uchoke, hakiponi.

Changu ni cha 240 hadi 33. Nilizima umeme (multimita, yaani kipima umeme cha mkononi, haisomi omu sawasawa kwenye saketi yenye umeme), nikachomoa waya wa ishara juu ya tangi na kupima boya lenyewe: omu 36. Maana yake boya linajua kwamba tangi limejaa. Nikarudisha waya, nikaenda nyuma ya kioo, nikauchomoa upande ule na kupima kati yake na hasi. Omu 150, namba ikichezacheza. Zaidi ya omu mia zimeingia njiani, na kwa ukoo wa 240, omu 150 ni robo tu.

Njiani kuna waya mbili, wa ishara na wa hasi. Yupi mgonjwa? Hapa ndipo napapenda. Niliwasha umeme, nikarudi kwenye tangi, nikauchomoa tena waya wa ishara na kuugusisha kwenye hasi ya boya. Kioo kilitakiwa kiruke hadi kujaa. Kikaishia karibu na nusu. Kisha nikavuta waya mrefu moja kwa moja kutoka hasi ya betri na kuugusisha kwenye ule wa ishara, kikaruka hadi juu bila kusita. Basi waya wa ishara ni mzima, kioo ni kizima, na hasi ya boya ndiyo yenye kasoro. (Kama tangi lako ni la mafuta, majaribio ya kugusisha waya yafanyie nyuma ya kioo, si kwenye mdomo wa tangi. Cheche haina mzaha.)

Nikaufuata waya mweusi, ndio wa hasi, kwa vidole hadi kwenye uvimbe wa tepu. Aliyeuunga aliusokota tu na kuuzungushia tepu, basi. Ndani yake shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, zimebaki nyuzi chache zilizoshikana kwa huruma. Nilikata kurudi nyuma hadi nikakuta shaba inayong'aa, maana weusi hutambaa mbali chini ya plastiki, na ukiunga palepale utarudi tena. Nikalehemu, nikavisha mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kioo kikasema limejaa.

Vipimo vya mawimbi ya sauti vina ugonjwa wao. Matone yanayoganda kwenye uso wa sensa huvifanya viropoke. Vilevile havioni kitu kilicho karibu mno: sensa ya JSN-SR04T, inayouzwa sana, huhitaji nafasi ya sentimita 20 na ushee, kwa hiyo tangi likifurika ndipo inapopotea. Dawa ni kuinua sensa, si kununua nyingine. Vya vijiti vya chuma hudanganywa na utando: maji yameshuka lakini ukuta uliolowa bado unapitisha umeme kutoka kijiti hadi kijiti. Sugua ukuta ule kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Na kama chako hutuma kiwango kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20, tangi tupu husoma 4. Ukikuta sifuri, usihangaike na maji, tafuta waya uliokatika.