Kukagua mtaa kabla ya kukagua nyumba

Hapa Dar es Salaam, mtu akikuambia kwamba amepata nyumba, mara nyingi maana yake ni kwamba alipata kiwanja, akachimba msingi, akapandisha tofali kila alipopata fedha, na baada ya miaka kadhaa akahamia kwenye pagale lisilo na dari huku akiendelea kupiga plasta chumba kimoja kimoja. Ndivyo walivyofanya kaka zangu na wengi wa wafanyakazi wenzangu, wala sina neno baya juu ya njia hiyo, kwa kuwa mkopo wa nyumba wa benki bado una riba kubwa na si kila mwenye mshahara anaweza kuubeba. Mimi na mke wangu tuliamua vingine. Tuliuza kiwanja chetu cha Chanika, tukaongezea akiba na mkopo wa kazini, tukanunua nyumba iliyokwisha kujengwa na kukaliwa, upande wa Mbweni, kwenye barabara ya mtaani isiyopenya. Shangazi yangu alipopata habari aliguna, akauliza, "Yaani mmenunua nyumba ya mtu?" Nilimjibu kwamba nyumba ya mtu ndiyo hasa niliyoitaka, kwa sababu ilikwisha kunyeshewa masika ya kutosha mbele ya majirani ambao wangeweza kunieleza ilivyokuwa.

Tulitumia muda mrefu zaidi kuchunguza mtaa kuliko kuchunguza nyumba yenyewe. Bomba linalovuja hubadilishwa, bati lililochakaa huezuliwa, na rangi ni suala la wiki moja, ila jirani mwenye karakana ya kuranda mbao huwezi kumwondoa kwa fundi yeyote. Madalali wanalijua hilo vizuri, na kwa hiyo kila mmoja anayekuonyesha nyumba atakuhakikishia kwamba mtaa umetulia, hata kama anazungumza kwa kupaza sauti ili asizidiwe na spika za baa iliyo nyuma ya ukuta. Ilikuwa kawaida yetu, baada ya dalali kuchukua fedha yake ya kuonyesha na kuondoka, kurudi wenyewe bila yeye: Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi, na siku ya kazi alfajiri, wakati watu wanatoka kuwahi daladala. Nyumba moja ya upande wa Tegeta, ambayo mchana ilikuwa kimya kabisa, ilituonyesha sura yake halisi saa nne za usiku wa Jumamosi, na hatukuirudia tena.

Mbweni ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanzishwa na Wizara ya Ardhi mwaka 2002, pamoja na Bunju, Boko, Mivumoni, Kibada, Gezaulole, Toangoma, Buyuni na mengineyo. Wapo wanaoulaumu mradi huo, wakisema kwamba viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye uwezo na kwamba vingine vilikaa vichaka kwa miaka mingi bila kujengwa, na sioni namna ya kuwapinga. Hata hivyo, kwa anayetafuta mahali pa kuishi, uliacha jambo moja la thamani: barabara za mitaa zilichorwa na mawe ya mipaka yakazikwa kabla ya nyumba kujengwa. Sehemu kubwa za Goba, Kimara au Tabata zilikwenda kinyume chake. Watu walijenga kwanza, kila mmoja akasogeza ukuta wake hatua moja mbele, na urasimishaji ulipokuja ukakuta njia ambayo gari la taka haliwezi kugeuza wala gari la zimamoto kuingia. Nimeishi Kimara kwa miaka mingi nikiwa mpangaji na naipenda, lakini njia ya nyumbani kwetu ilikuwa ndiyo njia ya mkato ya kila bodaboda iliyokuwa ikikwepa foleni ya barabara kuu, na mtoto hakuweza kutoka getini bila kushikwa mkono.

Barabara isiyopenya hulimaliza tatizo hilo bila matuta wala ugomvi. Anayeingia kwetu ama anaishi humo, ama ni mgeni wa mtu, ama amepotea, na wote watatu hujulikana mara moja. Sidhani kwamba kuna ukuta au nyaya za umeme juu ya ukuta zinazofanya kazi ya ulinzi kuliko hali hiyo.

Kilichotusumbua zaidi lilikuwa swali la utulivu huo kudumu. Mtaa wa makazi Dar es Salaam huharibika kidogo kidogo: mmoja anafungua kioski, ambacho kila mtu anakifurahia, wa pili anaanza kuosha magari mbele ya geti, wa tatu anafunga turubai uani na kuweka viti, na baada ya mwaka kuna baa yenye leseni na watu wanaegesha magari mlangoni kwako. Hapa ndipo karatasi zina kazi. Hati ya kiwanja hutaja matumizi yake, iwe ni makazi, makazi na biashara, au matumizi mengine, na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 anayetaka kuyabadilisha lazima aombe kibali kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu ni Manispaa ya Kinondoni. Kwa sababu hiyo tulipokwenda kwenye ofisi ya ardhi hatukuuliza habari za kiwanja chetu peke yake. Tuliomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo zima, tukatazama viwanja vya jirani vimetengwa kwa ajili ya nini. Kimoja kilichoachwa wazi mwanzoni mwa barabara kimetengwa kwa shule ya awali. Kelele za watoto asubuhi tulizikubali kwa moyo mweupe. NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, imekuwa ikifungia baa na kumbi za starehe za jiji hili kwa sababu ya kelele, na ni jambo jema, lakini malalamiko hayo huchukua muda na hukugombanisha na mtu utakayekutana naye kila siku dukani. Ni nafuu zaidi kuyakwepa kabla ya kununua.

Baada ya kelele lilifuata suala la maji ya mvua. Tulichagua mwezi Aprili makusudi, katikati ya masika, na nilimwomba mmiliki aniruhusu nizunguke nje ya ukuta siku moja baada ya mvua kubwa. Kwenye ukuta wa nyumba ya pili kutoka mwisho palikuwa na mstari wa rangi ya chai, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, kiasi cha usawa wa goti langu, na juu yake rangi nyeupe ilikuwa safi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani mkabala na hapo aliniona nikiutazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaangalia maji?"

Nilipomweleza kwamba tunataka kununua nyumba ya juu kidogo, alinyanyua bakora yake akanionyesha, nukta baada ya nukta, maji yanapotokea, yanapokatiza na yanapoishia. Alisema kwamba yale ya kwenye ukuta yalitokana na mtu wa barabara ya nyuma aliyefukia mfereji ili apate nafasi ya kuegesha gari, na kwamba majirani walichanga wakauchimbua upya. Nyumba tuliyoitaka haikuwahi kuingiliwa na maji, alisema, isipokuwa yale yaliyotoka kwenye tanki lake lenyewe lilipopasuka. Taarifa hiyo nzuri kuliko zote tuliipata bure.

Waliokuwapo jijini Desemba 2011 wanakumbuka mafuriko ya bonde la Msimbazi, lakini tusijidanganye kwamba habari hiyo ni ya Jangwani, mtaa wa bonde hilo, peke yake, kwani mto Tegeta na mto Mpiji nayo ina mabonde yake, na kiwanja kinachouzwa bei ya kutupa wakati wa kiangazi huwa na sababu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Hifadhi ya barabara ina hesabu zake vilevile: mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi, kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi. Tangu siku zile sinunui hata neno la mtu anayesema kwamba barabara iko mbali.

Mambo ya kisheria nitayaeleza kwa kifupi, kwa kuwa wakili wako atayaeleza vizuri zaidi, na wakili lazima uwe naye, awe wako wewe na si wa muuzaji. Tulifanya upekuzi kwenye daftari la Msajili wa Hati ili kujua jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama mtu yeyote ameweka zuio. Hati yenyewe ni haki ya kumiliki kwa muda, kwa sababu ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hivyo ni muhimu kutazama muhula uliobaki, ambao kwa kawaida huwa umetolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Uhamisho una gharama zake: ushuru wa stempu wa asilimia moja, kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni jukumu la muuzaji lakini bila kulipwa hati haihami, na ripoti ya mthamini. Nilishangaa kuona wanunuzi wangapi hulipia bei ya nyumba mpaka shilingi ya mwisho, kisha wakakosa fedha ya kuhamisha jina.

Jambo moja tu nitalikazia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji wetu alitaka kuleta karatasi ya mkewe ikiwa imekwisha kusainiwa. Mke wangu akakataa kwa upole, akasema kwamba angependa kumwona mama mwenye nyumba. Alikuja, akatuhoji sisi badala ya sisi kumhoji yeye. Alitaka kujua kama tutaukata mwembe wa uani, na kama tunao watoto, kwa kuwa wake walikulia pale. Alipomaliza alisaini mbele ya mawakili wote wawili, akamwandikia mke wangu namba ya fundi bomba kwenye kipande cha bahasha. Namba hiyo imetufaa kuliko nyaraka nyingine kadhaa za siku ile.

Kuishi kwenyewe kuna raha yake na gharama yake. Umbali ni gharama ya kwanza. Kutoka Mbweni mpaka mjini kati kwa barabara ya Bagamoyo unahitaji kuamka mapema sana au kukubali foleni ya Mwenge, na siku nyingi ninafika nyumbani giza limekwisha kuingia, hivyo ule utulivu wote wa mchana wanaufaidi dada wa kazi na kuku wa jirani. Upepo wa bahari hula chuma. Madirisha ya nondo yanataka rangi mara kwa mara, na kisima cha uani kinatoa maji ya chumvi yanayofaa kufulia tu, kwa hiyo tanki la maji ya bomba ya DAWASA ni lazima liwe kubwa. Kodi ya jengo haina usumbufu: hukatwa unaponunua umeme wa LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama yetu, na wengi hawajui hata kwamba wanailipa.

Michango ya mtaa ni suala zito zaidi. Kuna mlinzi wa usiku, kuna gari la taka, kuna kifusi cha kujaza mashimo kabla ya vuli, na kuna misiba. Msiba ukitokea, barabara yetu hufungwa kwa turubai, sufuria huwekwa juu ya mafiga, na kwa siku tatu hakuna gari linalopita. Hakuna anayelalamika, wala hapaswi. Mtu anayetafuta ukimya wa aina ambayo hata jirani hakugongei geti, namshauri atafute ghorofa lenye lifti upande wa Masaki.

Kwa sasa linalotushughulisha ni kiwanja kitupu kilichopakana na shule ya awali itakayojengwa. Mwenyewe anaishi Mwanza, nyasi zimefika kiunoni, na mwezi uliopita walikuja vijana wawili wakiwa na futi kamba, wakasema wametumwa kupima sehemu ya kuweka mashine ya tofali. Mwenyekiti wa mtaa hakuwa na taarifa. Tumempigia mwenye kiwanja, naye akakiri kwamba amempangisha mtu, akaongeza kwamba alidhani wenyeji tungefurahi kupata tofali karibu. Hati yake, kwa mchoro tuliouona Kinondoni, ni ya makazi. Barua imekwisha kuandikwa, imesainiwa na nyumba zote isipokuwa mbili, na Jumatatu mzee wa bakora ataipeleka ofisi ya mtendaji kwa mkono wake, kwa kuwa anasema akiitwa mzee pale mapokezi hakalishwi kwenye foleni.