Upepo wa kusi ndo umetuamulia njia

Wadau habari zenu, nimepotea humu kama miezi miwili hivi. Baiskeli sijaacha, ni hii safari imenimeza. Tuko watu sita hapa Kigoma, mwaka huu mwishoni mwa Juni tunaenda kuendesha mwambao wa bahari, Bagamoyo na Tanga, kama kilomita 250 hivi, na kupanga kwake kumekua kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Kila Jumapili tukimaliza kuendesha tunakaa kwa fundi Mwanga tunabishana mpaka giza linaingia.

Niwataje kidogo. Kuna fundi mwenyewe, kuna mwalimu wa sekondari, kuna nesi, kuna mdogo wangu wa kiume ambae ana mapafu ya farasi, kuna dada anauza dagaa pale Kibirizi, na mimi. Kati yetu ni mwalimu tu aliyewahi kuiona bahari. Sisi wengine ni watu wa ziwa.

Kwanini bahari wakati ziwa tunalo mlangoni? Hili swali nimeulizwa sana hata na mama. Mimi ni wa Ujiji, na mtu wa Ujiji Bagamoyo anaisikia toka mdogo. Bibi yangu anaitaja utadhani ni mtaa wa pili, mana ile njia ya misafara ilianzia kule ikapita Tabora ikaishia huku kwetu ziwani, na meno ya tembo na watu waliofungwa minyororo walishuka njia hiyohiyo kwenda pwani. Pale penye mnara wa Livingstone, alipokutwa na Stanley tarehe 10 Novemba 1871, nimeshapeleka wageni sijui mara ngapi, wanapiga picha chini ya miembe wanaondoka. Mwisho wa pili wa hiyo njia sijawahi kuukanyaga. Watumishi wake kina Chuma na Susi waliubeba mwili wa Livingstone kwa miguu toka huko ndani, nchi ambayo leo ni Zambia, mpaka wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874, na mimi niliezaliwa huku mwanzoni kabisa mwa habari yake sijafika. Hiyo kitu inanikaa rohoni.

Sasa wengine wakasema basi tuendeshe kutoka Ujiji moja kwa moja. Natamani kweli, ila reli tu toka Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, likizo hakuna, na nesi akiomba mwezi mzima hospitali hawamwachii. Kwahiyo tunapanda treni, baiskeli zinakatiwa risiti ya mzigo zinakaa behewa la mizigo, siku mbili njiani. Reli ilifika hapa Kigoma 1914 na mpaka leo kwa mwenye mzigo mkubwa mimi sioni cha kuizidi, basi wanakufungia baiskeli juu na kamba unaikuta imepinda rimu.

Sasa nije kwenye ubishi wenyewe. Mimi nilitaka tuanzie Tanga tumalizie Bagamoyo. Kwangu ilikua na maana, unafika mwisho wa njia ya mababu jioni, unashuka kwenye baiskeli, unaangalia bahari. Nilishaichora kwenye ramani na kuituma kwenye grupu la WhatsApp, na mwalimu na mdogo wangu walishakubali, tukaanza hadi kuulizia gesti. Yule dada wa Kibirizi alikua kimya siku zote hizo. Jumapili moja akauliza swali moja tu, "Kaka, mwezi wa sita kule upepo unatoka wapi?"

Hakuna aliyejibu.

Akasema yeye kila siku yuko mwaloni na anajua kiangazi huku kwetu upepo wa kusini ukishika ziwa mitumbwi inateseka, wavuvi wanaangalia kwanza upepo ndo wanaangalia samaki, sasa na ninyi mnaenda kukaa juu ya baiskeli siku tano mmeuliza gesti kabla ya upepo? Usiku ule nikakaa kusoma na kupiga simu kwa rafiki wa mwalimu aliyeko Pangani. Ni kweli tupu. Pwani ina pepo mbili kubwa, kaskazi inavuma kama Desemba mpaka Machi, kusi inaanza masika mpaka karibu Oktoba na kati ya Juni na Agosti ndo ina nguvu. Ndo zile zile pepo majahazi yalitumia, yanakuja toka Arabuni na kaskazi yanarudi na kusi. Mwambao wa Bagamoyo mpaka Tanga unapanda kaskazini. Kwahiyo mtu akitoka Tanga mwezi wa sita anaendesha huku upepo unampiga usoni siku zote, na akitoka Bagamoyo upepo uleule unamsukuma mgongoni.

Nikageuza ramani. Iliniuma lakini nikageuza, na sasa hivi naona hata ni vizuri zaidi, Bagamoyo tutakaa siku nzima kabla hatujaanza, tukiwa na nguvu, twende magofu ya Kaole tukaone ule msikiti wa kale, twende soko la samaki, tutembee taratibu. Alafu tunamalizia Tanga, na Tanga kila mtu anajua ni mji wa baiskeli, wamama, wanafunzi, wazee, wote wako kwenye baiskeli. Fundi anasema anataka kufika pale aangalie tu jinsi watu wanavyoendesha.

Ila swala la upepo mimi nalitilia mkazo kwa sababu nyingine na hii ndo nilitaka niiseme hasa.

Mwaka jana tulienda Uvinza. Kutoka mjini ni zaidi ya kilomita mia na tulitaka kwenda kwa siku moja. Tulivyopita Kidahwe tukaanza kuachana, mdogo wangu na mimi tukawa mbele, jua limewaka, upepo unatupinga, kila mtu kainamisha kichwa anakanyaga zake. Tukafika Uvinza tukaagiza chai na chapati, tukakaa. Saa nzima ikapita, fundi na mwalimu wakafika. Nesi hayupo. Kila mmoja alidhani yuko na mwingine. Kumbe spoku tatu za gurudumu la nyuma zilikatika, rimu ikawa inasugua breki, simu haina mtandao, akawa amekaa peke yake chini ya mti pembeni ya barabara kuanzia saa saba mchana. Aliyemleta ni baba mmoja wa mkaa, alifunga baiskeli ya nesi juu ya magunia yake na wakatembea wote kwa miguu mpaka kijiji cha mbele akapata bodaboda. Alifika saa mbili usiku. Hakutugombeza. Alisema tu "niliwaona mnapotea kwenye kona nikajua mtageuka." Hatukugeuka. Mimi nilikua mbele na sikugeuza shingo hata mara moja.

Sitaki hiyo kitu irudi. Kwahiyo safari hii kila kilomita tumeipima kwa mwendo wa nesi, sio kwa mwendo wa mdogo wangu. Yeye na baiskeli yake na mzigo anaenda vizuri kilomita 45 mpaka 50 kwa siku na jioni anakua bado anaongea na kucheka, basi siku yetu ni kilomita 45 mpaka 50. Nesi anakaa mbele, ndo anaeshika mwendo. Nyuma kabisa anakaa fundi na pampu na spana, hapitwi na yeyote. Filimbi kila mtu shingoni, ukipata pancha unapuliza wote wanasimama. Na kila baada ya kilomita kumi tunakutana kivulini tunahesabiana, sita. Mdogo wangu alilalamika kwamba atalala kwenye baiskeli, nikamwambia mdogo wangu, ukitaka kukimbia kimbia hapa Kigoma asubuhi kabla ya kazi, kule tunaenda pamoja.

Na upepo wa mgongoni ndo unamsaidia wa mwisho kuliko wa kwanza, mwenye nguvu anaweza kuupinga upepo, asie na nguvu ndo anabaki nyuma.

Njia yenyewe sasa. Bagamoyo tunatoka kwa Makurunge kuelekea mto Wami, na ng'ambo huko ndo unaingia hifadhi ya Saadani. Hapa kulikua na ubishi tena kwasababu mdogo wangu alitaka kupita na baiskeli. Ile ni hifadhi ya taifa toka 2005, kuna tembo, kuna simba, wanyama wanafika mpaka ufukweni, mimi sipitishi mtu wangu na baiskeli mule. Tutakodi pikapu, tunapakia baiskeli zote, tunalipa kiingilio kama watu wengine, tunavuka tukiwa ndani ya gari na tukiona twiga ni faida. Tunashuka Mkwaja. Toka hapo ni vijiji vya wavuvi, Kipumbwi, Ushongo, minazi, mchanga. Alafu Bweni, ng'ambo ya mto mji wa Pangani unauona. Pangani tunalala siku mbili, hilo halina mjadala, kila mtu atakua kachoka na mwalimu anataka kutuonesha yale majumba ya zamani. Mwisho Pangani Tanga kupitia Kigombe, kama kilomita 50, na kabla hujaingia Tanga kuna magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya zamani ya Waswahili, tutasimama.

Kitu ambacho sisi watu wa ziwa hatukijui kabisa ni maji kujaa na kupwa. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 lakini asubuhi na jioni ufukwe ni uleule. Bahari pale inapanda na kushuka mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, yani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji yakitoka mchanga uliobaki unakua mgumu unaweza kuendesha juu yake kama lami. Yakirudi huna njia. Kwahiyo pale tunapotaka kupita ufukweni lazima tuulize wavuvi wa palepale saa ya maji, hatutaamua wenyewe.

Na chumvi. Fundi chumvi ndo inamnyima usingizi. Hapa cheni ukiipaka oili wiki mbili imetulia, kule anasema ukipita mchangani jioni hiyohiyo unaosha baiskeli na maji yasiyo na chumvi, unafuta, unapaka oili, ukilala nayo hivyohivyo asubuhi cheni ina kutu. Kila gesti swali la kwanza ni kama kuna bomba la nje. Kwenye vifaa ametubana vizuri, baiskeli tano ni za Kijapani za mtumba tairi 26, yake ni Phoenix kubwa ya 28, kwahiyo yeye anabeba tyubu zake na sisi watano tunaazimana. Kila mtu tyubu mbili, viraka na solusheni za kutosha, pampu mbili za wote, kifungulia cheni, spoku za saizi zote (hizi nimezihesabu mwenyewe mara mbili, toka Uvinza sidharau spoku), na mipira ya tyubu kuukuu ya kufungia mzigo kwenye keria. Ameshamsuka upya nesi gurudumu lote la nyuma, hakumtoza hata mia.

Nesi nae amekuja na ya kwake. Anasema Kigoma tumezoea joto lakini tuko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, kule chini hewa ni nzito, jasho halikauki, mtu anaishiwa maji bila kujua. Lita tano kila mtu kwa siku, pakti za ORS, na magurudumu yazunguke saa kumi na moja alfajiri, saa tano tumetafuta kivuli mpaka saa tisa. Chandarua kila mtu na chake.

Hela tunachanga toka Januari, elfu kumi kila Jumapili kwa fundi kwenye kibubu cha bati, ikifika Juni kila mtu ana kama laki mbili na nusu, hapo ni treni, chakula, gesti, na kuchangia pikapu. Dada wa Kibirizi wiki mbili dagaa zilikua hazipatikani akashindwa, akataka kujitoa. Tukakaa tukakubaliana wiki zake hizo tunagawana sisi watano, atarudisha kwa dagaa za njiani, kavu, zilizokaangwa na pilipili. Tusingekua na yeye saa hizi tungekua tunajiandaa kupigwa na kusi usoni mpaka Bagamoyo.

Kilichobaki ni pikapu ya kutuvusha hifadhini, mwenye kumjua dereva muaminifu upande wa Makurunge naomba anisaidie. Jumapili hii tunaenda Kidahwe na kurudi, kwa mara ya kwanza na mizigo yote kwenye keria, tunakutana kwa fundi saa kumi na moja alfajiri. Nesi ndo anatoka wa kwanza.