Mkate Ulioandikwa Kinyume

Jana binti yangu alikuwa akitafuta gundi kwenye droo, akaibuka na kile kipande cha lino, ubao laini wa kuchonga picha za kuchapa. "Mama, mbona mkate umeandikwa kinyume?"

Nikampeleka mbele ya kioo, akasoma: 16%. Ndivyo uchapaji ulivyo, nikamwambia; unachonga kinyume ili kitambaa kiseme sawa. Akauliza mkate una namba ya nini. Hilo sikumjibu vizuri.

Ilikuwa Juni 2024. Mswada wa Fedha ulitaka mkate wa kawaida utozwe ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16, nami nikachonga slesi zimepangana, namba ikiwa juu yake. Tukachapa fulana usiku kucha. Tarehe 18 vijana wakajaa barabarani Nairobi, na siku hiyohiyo serikali ikatangaza kuwa ushuru wa mkate umeondolewa. Mwenzangu akaosha rola. Mimi sikuona kama tumemaliza. Mswada wenyewe ulikuwa ungali Bungeni.

Asubuhi ya tarehe 25 fulana zilikuwa zimekwisha. Kijana mmoja akabisha hodi, akavua shati lake jeupe, la shule, mfukoni nyuzi za nembo iliyofumuliwa zikionekana bado. Nikapitisha rola juu ya lino mpaka wino mweusi ukaenea, nikalitandaza shati juu yake, nikasugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, slesi baada ya slesi. Hakusema neno. Nilipoinua kitambaa, mkia wa 6 haukuwa umekolea. Nikataka kurudia.

"Wacha tu, auntie. Inasomeka."

Nikamwonya kwamba wino ule haukauki upesi. Akalivaa hivyohivyo, akatoka mikono ameitenga na kifua, asiuguse.

Mchana watu wakaingia Bungeni, risasi zikalia, na wako ambao hawakurudi kwao. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini mswada. Habari hiyo niliisikia redioni huku nikiwaza shati moja.

Jina lake sikumuuliza. Kwa majuma mengi nilipekua picha za siku ile, nikitafuta 6 isiyo na mkia. Sikuiona, na hata leo sijui kama hilo ni la kushukuru.

Binti yangu anataka tuuchape ule mkate kwenye daftari lake. Nimemwambia kesho.