Kikapu cha mdomoni: nilivyompunguza uzito poni wetu bila kumtesa

Mimi ni saisi. Farasi ninaowatunza wako Limuru, kwenye ukungu na baridi, na huku nyasi za kikuyu hazina simile: mvua za Machi zikishaanza, leo umefyeka, kesho zimerudi. Ng'ombe wa maziwa wanazifurahia. Poni, yaani farasi wa kimo kifupi, ni habari nyingine. Asili yake ni mnyama wa kujitafutia majani makavu kwenye vilima vya baridi huko Ulaya, na mwili wake huweka akiba upesi sana. Simsim, poni wetu anayebeba watoto wanaojifunza kupanda, alinenepa mpaka mbavu zake nikawa sizipati hata nikibonyeza. Juu ya shingo, chini ya singa, likatokea tuta la mafuta, gumu, ukilisukuma halitikisiki.

Tuta hilo lilinitia hofu kuliko tumbo. Shingo ya namna hiyo mara nyingi huendana na kuvurugika kwa insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, na hapo kwato ziko hatarini. Ndani ya ukwato mna tishu laini zinazoushikilia mfupa kwenye ukuta wa ukwato. Zikiumwa, ndiyo laminaitisi: mnyama huegemea nyuma, miguu ya mbele kainyoosha, hataki kukanyaga. Zikiachia, mfupa huzunguka au hushuka. Niliwahi kumshika kichwa farasi akichomwa sindano ya mwisho kwa ugonjwa huo, na sitaki kuliona tena.

Daktari wa mifugo aliniambia nipime, nisikisie. Mizani ya farasi hatuna, kwa hiyo nilichukua utepe wa fundi cherehani. Unapima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha tena kwa urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha unagawa kwa 11,880. Sentimita 160 na 130 zikanipa kilo 280. Kwa kimo chake, hizo zilikuwa nyingi mno.

Kumfungia bandani kutwa nzima sikutaka. Farasi ni mnyama wa kundi, akitengwa anahangaika, na tumbo lake limeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo muda wote. Poni anayefunguliwa kwa saa chache naye hujifunza kula mbiombio na kufidia alichokikosa. Kumshindisha njaa ndiyo hatari zaidi, maana poni mnene akikosa chakula ghafla, mafuta humwagika kwenye damu na anaweza kufa. Kilichobaki kilikuwa kikapu cha mdomoni: kimesukwa kwa mikanda ya nailoni, kitako chake ni cha mpira wenye tundu katikati. Anatembea, anakunywa, anapumua, anachunga na wenzake, ila kila akiinama anapata ncha chache tu za nyasi.

Kazi kubwa ni kukikalisha vizuri. Mdomo usigusane na kitako cha mpira anapokuwa amesimama. Niliacha nafasi ya kama sentimita mbili na nusu. Mkanda wa puani upitishe vidole viwili au vitatu, na usikaribie macho wala kuminya mfupa wa shavu. Tundu za pua lazima ziwe wazi kabisa. Kipande cha juu, nyuma ya masikio, ni cha ngozi nyembamba inayokatika kirahisi, ili akinasa kwenye ua ajinasue. Mahali pa kusugua, yaani chini ya kidevu na juu ya pua, nilishonea vipande vya manyoya ya kondoo. Kila jioni nikikivua napitisha kidole hapo hapo, kinyume na mlalo wa vinyweleo, nikitafuta joto au upara. Manyoya yakilowa tope na mate hukauka yakawa magumu, kwa hiyo yanafuliwa.

Sikumvika na kumwachia siku hiyo hiyo. Kwanza alikinusa, kisha nikamlisha vipande vya karoti kupitia lile tundu mpaka akawa anaingiza mdomo mwenyewe. Uwanjani nilisimama naye nikizisimamisha nyasi kwa mkono ili zipenye. Hapa urefu wa nyasi una maana kubwa: zikiwa fupi sana hazifiki mdomoni, zikiwa ndefu zinalala chini ya mpira naye anakata tamaa, anaanza kupiga kikapu kwa mguu. Zikisimama urefu wa kidole hivi anatulia. Maji nayo nilihakikisha kwa macho yangu. Kwenye hori lenye kina anakunywa vizuri, kwenye beseni la chini hawezi.

Jirani mmoja alinilaumu kwamba namnyima mnyama riziki yake. Nilimwonyesha mizani ya kuning'inia ninayopimia nyasi zake. Kikapu hakikai zaidi ya saa kumi kwa siku. Usiku Simsim analala bandani na nyasi kavu za boma rhodes nilizozipima na kuziloweka ili sukari ipungue, pamoja na jiwe la chumvi ambalo mchana hawezi kulilamba. Chakula chote kwa siku nalenga kisipungue asilimia 1.5 ya uzito wake, kikiwa kikavu. Daktari aliongeza madini yenye kalisi (kalsiamu), kwa kuwa nyasi za kikuyu zina oksaleti inayoizuia kalisi isiingie mwilini.

Baridi ya Julai ilipofika mbavu zilikuwa zinapatikana kwa kupapasa, na kufikia Septemba utepe ulikuwa unasoma karibu kilo 250. Tuta la shingo limelainika, sasa linayumba nikilisukuma. Kichwa nacho kimepungua, mikanda imebidi niikaze. Wakati wa kiangazi, uwanja ukiwa mtupu, anatoka bila kikapu. Mvua zikirudi kinarudi pia, na utepe naupitisha kifuani kila Jumatatu.