Siku moja maishani mwangu: mkuu wa shule na maneno manne

Saa 12:30 asubuhi. Niko langoni kabla mwanafunzi wa kwanza hajafika. Kila anayeingia namsalimia kwa jina. Majina ya darasa la kwanza bado hayajanikaa kichwani, kwa hiyo nina kikaratasi mfukoni.

Shule yetu inaishi kwa maneno manne: ukweli, heshima, uwajibikaji, kujaliana. Zamani yalikuwa tisa, yamechaguliwa na kamati ya watu watano na kupakwa rangi ukutani. Siku moja niliwaomba wanafunzi kumi wanitajie. Hakuna aliyefika matano, na mwalimu niliyemuuliza akaishia mawili. Tukaanza upya. Tuliwauliza wanafunzi, walimu, wazazi, wapishi, walinzi na wafagizi: ni lini ulijivunia kuwa sehemu ya shule hii? Kazi hiyo ilitula mihula miwili. Yakabaki manne, na kila moja tukalishusha hadi kwenye kitendo. Heshima darasani ni mmoja akisema wengine wanasikiliza; heshima kwenye foleni ni mkubwa hamruki mdogo. Neno ambalo mtoto hawezi kuliona likitendwa, hawezi kulifuata.

Saa 1:20. Kengele imeshalia. Msichana wa darasa la sita anaingia mbio, sketi ina vumbi. Namkaripia mbele ya wenzake: "Kila siku ni wewe!" Haikuwa kweli, na nilijua hivyo hata kabla sijafunga mdomo. Aliinamisha kichwa, akapita bila salamu, akaenda mstarini.

Saa 3. Nakaa nyuma ya darasa la nne kwa dakika 20. Andalio la somo nitaliona baadaye. Kinachonileta ni kutazama mwalimu anafanya nini mtoto anapokosa jibu. Leo mwalimu alimwambia aliyekosea, "Tuoneshe ulivyofikiri," na wengine hawakucheka. Darasa lisilocheka kosa halitokei kwa bahati; mwalimu huyu amelijenga tangu mwanzo wa muhula.

Saa 4:30, mapumziko. Mlinzi ananifuata. "Mwalimu, yule binti wa asubuhi alikuwa amefika mapema. Alirudi barabarani kumshika mkono mtoto mdogo aliyeanguka." Moyo ukanishuka. Nikamwita msichana chini ya mti, nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, bila ukali wowote:

"Asante, mwalimu. Lakini ulinisema mbele ya watu."

Hapo hapo nikaelewa. Wanafunzi wetu wakigombana huwa tunawauliza maswali matatu: kilitokea nini, nani ameumia, utarekebisha vipi? Nimewauliza wengi maswali hayo. Mimi sikuwa nimewahi kuulizwa. Radhi niliyoitoa kivulini haikuwa inafika mahali nilipomuumizia.

Saa 6. Mwalimu wa hisabati anakuja na daftari. Mwanafunzi amerudisha mtihani aliopewa alama 64. Amejumlisha mwenyewe akapata 57. Mwalimu anataka kumwachia 64 kama zawadi ya ukweli. Namwelewa, roho yake ni njema. Ila tukianza kuulipia ukweli kwa alama, kesho tutakuwa tunafundisha biashara, na aliyepata 60 ya haki atakuwa amepitwa kwa kosa letu. Tukakubaliana: 57 ibaki, mwalimu aliambie darasa kwamba kosa la kujumlisha ni lake, na kila mmoja akague karatasi yake. Walijitokeza wengine watatu. Wawili kati yao walikuwa wamepunjwa.

Saa 8, kikao cha walimu. Ajenda ni kama wawakilishi wa madarasa waruhusiwe kuleta hoja zao kikaoni. Mwalimu mmoja anahofia kwamba watoto watatupanda kichwani. Hofu hiyo siidharau. Nikawaeleza kwamba Summerhill, shule aliyoianzisha mwalimu A. S. Neill mwaka 1921 na ambayo iko Uingereza hadi leo, ina mkutano ambamo kura ya mtoto na ya mwalimu zina uzito uleule. Mwaka 1974, huko Cambridge, Massachusetts, mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alisaidia kuanzisha shule ndogo iliyoendeshwa kwa kura za namna hiyo. Sisi hatuendi mbali kiasi hicho. Usalama na masomo yatabaki mikononi mwetu. Lakini uwajibikaji ambao mtoto anadaiwa tu, bila yeye kuwa na nafasi ya kuudai kwa mkubwa, kwa macho yangu ni utii uliobadilishwa jina.

Kisha nikawasimulia ya asubuhi, yote, pamoja na maneno niliyoyatumia. Chumba kikatulia. Mwalimu yule mwenye hofu akauliza, "Sasa utafanya nini?" Tukapitisha: wawakilishi wawili, hoja moja kila kikao, kwa muhula mmoja, kisha tupime.

Saa 9:30, mstari wa jioni. Nilikuwa nimemuuliza msichana kama angependa nimtaje jina, alikataa. Basi nikasema: "Leo asubuhi nilimkaripia mmoja wenu pale langoni bila kumuuliza kilichomchelewesha. Alikuwa anamsaidia mwenzake. Nilisema kila siku ni yeye, na huo haukuwa ukweli. Naomba radhi mbele yenu, kwa sababu nilikosea mbele yenu." Mtoto wa darasa la kwanza aliyefungwa bendeji gotini alinyoosha kidole, akasema kwa sauti yote: "Mwalimu, alinisaidia mimi!"

Saa 10. Nimerudi langoni. Wanatoka kwa makundi, mabegi yakigongana. Msichana wa darasa la sita anapita amemshika mkono yule mdogo. Anasimama.

"Kwaheri, mwalimu. Tutaonana kesho."

Nikamwitikia kwa jina lake.